Nusu Siku Kibanjani

Hoja iliyo mezani ni hii: safari fupi za kutembeza watalii vijijini, zile za kuondoka Bukoba mjini, mkoani Kagera, asubuhi na kurudi kabla jua halijazama, ziendelezwe au ziachwe? Si jambo la kufikirika. Tangu miaka ya 2000 kampuni za hapa hapa, Kiroyera ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zimekuwa zikipeleka wageni kuona vibanja, yaani mashamba ya migomba ya Wahaya yenye nyumba katikati, misonge ya nyasi na mahali pa kale palipofuliwa chuma. Siku hizi kila kijana mwenye pikipiki na Kiingereza kidogo anajiita mwongoza wageni.

Nimeziweka sauti nne zibishane. Hazina majina kwa sababu si watu wanne. Kila moja nimeitunga kutokana na maneno yanayozungumzwa vilabuni, misibani na kwenye mabasi ya wilaya ya Muleba. Yupo Kijana anayetembeza wageni. Yupo Ma, mjane mwenye kibanja upande wa Kamachumu. Yupo Mwalimu mstaafu wa Nshamba, ambaye Ma humwita Ta kwa heshima. Na yupo Binti aliyezaliwa Tabata, Dar es Salaam, ambaye kwao ni Muleba kwa maneno zaidi kuliko kwa miguu. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamooni wakubwa. Naanza mimi kwa kuwa ndiye mtuhumiwa. Mtu anayepanda ndege kuja Tanzania anaijua Serengeti, anaujua Kilimanjaro, anaijua Zanzibar. Bukoba anaisikia akiwa njiani kwenda Uganda, au amekuja kikazi na amebakiwa na siku moja. Nimpeleke wapi? Burigi-Chato imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, lakini si pa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilicho nacho ni kijiji. Namshusha kibanjani, anaona migomba juu, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, nyumba katikati, nyasi zimetandazwa ardhini kama zulia. Namweleza kwamba udongo huu haukuzaliwa hivi. Nje ya kibanja ni rweya, nyika ya nyasi isiyo na rutuba. Rutuba ya kibanja ililetwa na watu, kwa samadi na nyasi zilizokatwa rweya, kizazi baada ya kizazi. Mgeni akilielewa hilo, amepata kitu ambacho tembo hawezi kumpa.

MWALIMU: Marahaba. Maelezo mazuri, na sijakataa kwamba unayajua. Ninachouliza ni desturi. Tangu lini mtu asiyejulikana akapita katikati ya kibanja cha mtu? Kibanja kina njia yake na mlango wake, na kina makaburi. Baba yake Ma kazikwa pale, mume wake kazikwa pale. Wewe unapitisha watu wanane wenye kofia na kamera, wanaruka kaburi la mtu wakifuata picha ya mkungu wa ndizi.

KIJANA: Hilo lilitokea mara moja, Mwalimu, tena nje ya kundi langu.

MWALIMU: Mara moja inatosha kwa aliyezikwa.

Hapa Mwalimu amegusa palipo na kidonda cha zamani. Watu wa huku wamewahi kuchukizwa sana na wageni wa kuingia vibanjani bila kuitwa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walifanya vurugu kupinga kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu namna ya kupanda na kutunza kahawa. Kahawa waliijua kabla ya Mwingereza na kabla ya Mjerumani. Uchungu wao ulikuwa ni kuamrishwa ndani ya shamba lao na mtu asiyelala pale.

MWALIMU: Ukitaka turudi nyuma zaidi, turudi. Muleba ina kisiwa kinaitwa Bumbire. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alifika pale kwa mashua, wakagombana na wenyeji, akaondoka. Miezi michache baadaye akarudi na bunduki, akawapiga risasi watu waliokuwa wamesimama ufukweni kwao wenyewe, kisha akaandika kitabu. Huyo ndiye mgeni wetu wa mapema kabisa aliyekaa muda mfupi na kuandika kwa kirefu.

KIJANA: Mwalimu, mama mtu mzima wa Uholanzi na kofia yake ya jua utamlinganisha na Stanley?

MWALIMU: Simlinganishi kwa bunduki. Namlinganisha kwa haraka yake. Mtu wa nusu siku haoni kijiji, anaona alichooneshwa, halafu akifika kwao anasema "nilikaa na Wahaya".

BINTI: Samahani Mwalimu, niseme kidogo. Watu wangapi wa mjini wanakaa zaidi ya nusu siku? Sisi tunakuja Krismasi. Tunafika tarehe 23, tunakwenda kanisani, tunakula, tunagombana kuhusu mipaka ya kibanja cha babu, tarehe 2 tupo kwenye basi. Mwaka juzi babu alikuwa ameshafariki. Nikamlipa kijana mmoja, si huyu, anitembeze Muleba. Anioneshe Rutabo alikokuwa askofu Laurean Rugambwa kabla hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Anioneshe Rubya, Kashasha, na ukingo wa Kamachumu ambako unaliona ziwa chini kabisa. Nilikuwa mtalii kwetu.

MA: Mwanangu! Hukuwa na shangazi wa kukuonesha?

BINTI: Shangazi yuko Mwanza, Ma. Na mjomba alikuwa na shughuli zake.

MA: Basi ni aibu yetu, si yako. Lakini huyo kijana alikufundisha nini?

BINTI: Alinifundisha kupokea kamwani kwa mikono miwili.

Kwa msomaji asiye wa Kagera: kamwani ni buni za robusta zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikakaushwa. Hazinywewi, zinatafunwa. Mgeni hukaribishwa nazo kabla hajaulizwa shida iliyomleta, na zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walizigawana buni zilizokuwa kwenye ganda moja. Kwa hiyo katika kibanja cha Mhaya buni ni zao la kuuzwa kwenye chama cha msingi, na wakati huo huo ni kitu ambacho hakiuzwi. Mjadala huu wote, kwa maoni yangu, unazunguka hapo, na nawashangaa wanaume wawili waliokwisha kusema mengi bila kupafikia. Alipafikia Ma.

MA: Mnabishana kama mgeni ni mzuri au mbaya. Mgeni ni mgeni. Mimi naulizia hesabu. Kijana wangu, nakupenda na mama yako namjua. Ulipoleta wale wageni sita, nilitoa kamwani. Nilipika ndizi na maharage. Nilimwita jirani akamue mramba, akakanyaga ndizi mbivu na nyasi kwenye mtumbwi wake mpaka juisi ikatoka, akawaeleza namna tunavyotia mtama ili iwe pombe ya rubisi. Wakapiga picha, wakacheka, wakaonja. Ulipoondoka ulinipa noti moja mkononi, umeikunja, kama mtu anayetoa rushwa. Jirani hakupata kitu. Je, wale watu walikulipa shilingi ngapi?

KIJANA: Ma, si mimi niliyelipwa. Ililipwa kampuni mjini. Gari, mafuta, dereva, kodi. Leseni ya biashara ya utalii, ile TALA. Mimi nilipata posho.

MA: Sijauliza wewe ulipata nini. Nimeuliza wao walitoa nini.

Kijana alikaa kimya kidogo, na mimi namwelewa. Tuseme mtalii ametoa shilingi 100,000 kwa siku. Ukitoa gari na mafuta ya kwenda Muleba na kurudi, ukatoa ofisi na mwongozaji, kinachobaki kwa mwenye kibanja kinategemea huruma ya aliyeshika mkoba. Hakuna karatasi inayosema lolote. Na mwenye kibanja hawezi kudai, kwa sababu akidai atakuwa amemtoza mgeni, na huku kumtoza mgeni ni fedheha. Biashara nzima imejengwa juu ya aibu ya mwanamke mmoja.

KIJANA: Basi niseme ukweli wangu. Tukipanga bei, wazee watasema tumeuza ukarimu. Tusipopanga, mnasema tumewanyonya. Tufanye lipi?

MWALIMU: Acheni kabisa.

MA: Wewe Ta Mwalimu una pensheni, unaweza kusema "acheni". Mimi mnyauko ulinimalizia migomba. Mliosoma mnajua ulifika mkoani mwaka 2006. Mmea unanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata unaona ute wa njano. Nilichimba visiki, nikaanza upya. Kahawa bei yake inapangwa na watu nisiowajua. Hela ya mgeni siikatai. Ila sikiliza, Kijana. Kamwani siuzi. Salamu siuzi. Kivuli cha kukaa siuzi. Mgeni akija na ale akae, hayo ni yangu kumpa, na akinilipa kwa hayo atakuwa amenitukana. Lakini kupika chakula cha watu sita ni kazi. Kukamua mramba ni kazi. Kusimama saa mbili nikijibu maswali, jembe langu limelala, ni kazi. Hiyo ina bei, na bei naitaja mimi, mgeni akiwa bado mjini, si wakati ananiaga.

BINTI: Na picha?

MA: Picha wataniuliza. Kuna mmoja aliniambia nirudie kupiga magoti. Nilikuwa nimemsalimia mzee jirani kwa magoti kama nilivyolelewa, yeye kamera yake ilikuwa haijawa tayari. Akaniomba nirudie.

MWALIMU: Ukarudia?

MA: Nilirudia. Nilikuwa sijajua kama ninaweza kukataa.

Watu wa Kagera kamera waliizoea kabla ya utalii, na kwa njia mbaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata walikuja watafiti, waandishi na mashirika, na picha za watoto wasio na wazazi, waliosimama mbele ya migomba, zikasambaa duniani. Wengi wa waliokuja walisaidia, nami siwezi kuwabeza. Lakini mtoto aliyepigwa picha ile akiwa na miaka 7 leo ni mtu mzima, na labda ni yeye anayeambiwa atabasamu mbele ya kundi jipya.

MWALIMU: Na Kashasha je? Mnapita pale na wageni. Mnawaambia nini?

KIJANA: Tunawasimulia ule ugonjwa wa kicheko, Mwalimu. Januari 30, 1962, shule ya bweni ya wasichana. Wageni wengi wameshausoma, wengine wanauulizia wenyewe.

MWALIMU: Na wanacheka.

KIJANA: Wanacheka, ndiyo.

MWALIMU: Nilikuwa mtoto, Nshamba, ulipofika huko baada ya shule kufungwa na wasichana kurudishwa makwao. Hakikuwa kicheko cha furaha hata kidogo. Walicheka, wakalia, wakakimbia hovyo, wazazi wakidhani wamelogwa. Wanafunzi 95 kati ya 159. Madaktari walipima damu, wakapima vyakula, hawakuona sumu wala kijidudu. Walioandika baadaye wanasema ulikuwa msongo: watoto wa vijijini, sheria kali za bweni, nchi imepata uhuru mwezi uliotangulia na kila mtu anatarajia makubwa kwao. Sasa wewe unasimamisha gari, unasema "hapa ndipo Waafrika walicheka mpaka shule ikafungwa", watu wanapiga picha ya bango. Waliokuwa wasichana wale wengine ni bibi zetu, wako hai.

KIJANA: Nikisimulia kama ulivyosimulia wewe sasa hivi, itakuwa kosa?

MWALIMU: ...Haitakuwa kosa. Lakini huna nusu siku ya kusimulia hivyo.

KIJANA: Ninazo dakika 20 za barabarani kabla hatujafika. Nipe maneno, nitayasema.

Hapa nilitaka Mwalimu ashindwe, na nadhani alishindwa, ingawa hakukiri. Kosa la ziara fupi mara nyingi haliko kwenye saa. Liko kwa anayesimulia na kwa aliyemfundisha. Mfano ulio karibu ni Katuruka, Bukoba Vijijini. Wazee wa pale walikuwa na simulizi kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, mnara ukaanguka, na mahali penyewe palikuwa chini ya mti ulioitwa Kaiija. Mtafiti Peter Schmidt alipofika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wazee ndio waliompeleka penye mti. Akachimba, akakuta kweli mabaki ya kazi ya chuma, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la *Science* kuhusu ufundi wa wahunzi wa Kihaya wa kupata chuma cha pua katika tanuri za udongo, wakitumia mivuo na moto mkali sana. Dunia ya wasomi ikatikisika.

MWALIMU: Walioandika wakawa maprofesa. Waliosimulia wamezikwa kibanjani.

KIJANA: Lakini malizia, Mwalimu! Wana Katuruka wenyewe, miaka 30 na zaidi baadaye, waliunda kamati yao, wakaamua kupatunza mahali pao na kuwapokea wageni wenyewe. Wanasema nini kioneshwe. Ndiyo maana nikipeleka mtu Katuruka huwa sina wasiwasi, nanyamaza, wanaongea wao.

BINTI: Kwa hiyo jibu unalo. Kwa nini Kamachumu msifanye vivyo hivyo?

KIJANA: Kwa sababu Katuruka wana mahali pa kihistoria pa kuzungushia uzio. Kamachumu kuna maisha ya watu tu.

MWALIMU: Na ndiyo hofu yangu ya mwisho, maisha ya watu kugeuka onyesho. Ureno, mwaka 1938, serikali ya Salazar iliandaa shindano la kutafuta kijiji cha Kireno zaidi kuliko vyote. Kikashinda kijiji cha mlimani kinaitwa Monsanto, nyumba zake zimejengwa kwenye miamba mikubwa, kikapewa jogoo wa fedha wa kuweka juu ya mnara. Leo watalii wanapanda kule kwa wingi, kijiji ni kizuri ajabu, na vijana wake wengi walikwishahama. Nyinyi mnajenga msonge mpya wa nyasi kando ya barabara, msonge ambao hakuna mtu anayelala ndani yake, kisha mnauita "nyumba ya Mhaya".

MA: Na nani atake kulala ndani na moshi wote ule? Nilizaliwa kwenye msonge, Ta. Ng'ombe upande mmoja, sisi upande wa pili. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipopasua nyumba yangu ya matofali sikusema nirudi kwenye nyasi. Nilisema nipate saruji. Waujenge wa kuonesha, hauniudhi, mradi wasidanganye kwamba ndimo tunamolala. Wamwoneshe na nyumba yangu ya bati yenye ufa.

BINTI: Hiyo ningeilipia zaidi.

Jambo moja la vitendo nalitaja upesi maana limezoeleka na lina hatari. Wageni hupewa panga wakate mkungu, wapigwe picha. Mnyauko huenezwa na visu na mapanga kutoka mgomba hadi mgomba, na panga la mwongozaji linatembea vibanja vitatu kwa siku. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku na maofisa ugani wamekuwa wakiwaambia wakulima wasafishe vifaa kwa moto au kwa dawa ya klorini na wakate ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Mkulima akifuata yote hayo, kisha mtalii wa dakika tano akampitishia ugonjwa, hakuna bei itakayofidia. Panga libaki kwa mwenye kibanja.

Kuhusu hoja kuu, Mwalimu hakunishawishi. Safari ziendelee. Mfano wa kugawana mapato upo nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, pale shirika la SNV la Uholanzi liliposaidia vijiji vya Arusha kuanzisha Programu ya Utalii wa Utamaduni, ambayo baadaye ilisimamiwa na Bodi ya Utalii. Humo mgeni analipa ada ya kijiji inayojulikana, mbali na ya mwongozaji. Kilimanjaro chama kikuu cha KNCU kilikuwa na Kahawa Shamba, wakulima wa kahawa wakiwapokea wageni wenyewe. Kagera tuna chama kikuu cha KCU na vyama vya msingi katika karibu kila kata inayolima kahawa, vyenye mwenyekiti, mhasibu na daftari. Daftari lile lile linaloandika kilo za kahawa ya maganda linaweza kuandika wageni walioingia kibanja cha nani, kwa bei ipi, na nani amelipwa. Serikali ya kijiji isikae pembeni pia. Iorodheshe kaya zinazokubali kutembelewa, na isiyokubali ipitwe bila kuulizwa sababu.

Lakini sharti langu la kwanza ni la Ma: bei itajwe na mwenye kibanja, mgeni akiwa bado mjini, na kamwani isiwekwe kwenye orodha ya bei.

Nawe ndugu uliye Dar, Mwanza au Arusha, unayewaleta watoto Krismasi hii, watembeze. Kama huzijui njia, mtafute Kijana akuongoze, na umlipe yeye na Ma bei ile ile anayotoa Mzungu. Usiombe punguzo kwa kuwa ni kwenu.